Matendegu Mawili ya Kushoto

Chumbani kwetu, ghorofa ya tatu
Tarehe 6 Februari

Baba yangu mpenzi,

Hujambo baba? Kifua kimekuachia, au bado vumbi la mbao linakukohoza asubuhi? Mimi ni mzima, mzima mpaka naona aibu kukuandikia. Mume wangu ni mzima pia. Niache niandike tena: mume wangu!

Najua harusi ulikuwepo, ulivaa lile koti lenye tone la gundi mkononi. Lakini kila asubuhi nikifumbua macho naiona habari hii kama mpya. Baba, anapiga mluzi akinyoa ndevu. Jana alitoka mapema kwenda kupima viwanja, nikafungua kopo la sukari nikakuta kikaratasi: "Usiweke nyingi, wewe mwenyewe unatosha." Nilikaa jikoni nikacheka peke yangu kama kichaa.

Amekiri kuhusu vile vigingi. Alipokuja karakana mara ya kwanza alihitaji vigingi ishirini vya kupimia ardhi. Mara tatu zilizofuata hakuhitaji hata kimoja. Vyote viko chini ya kitanda cha mama yake, havijawahi kugusa udongo.

Vyumba vyetu ni viwili. Dirisha la sebuleni linatazama ukuta wa jirani, lakini saa nne jua linapita katikati na kukaa kwenye sakafu muda wa kunywa chai moja. Chini yetu anakaa bibi mmoja ambaye tukiangusha hata kijiko anagonga dari kwa fagio. Hakuna mahali pa kuweka hata randa ndogo. Mikono yangu imeanza kuwa laini. Mume wangu anasema imependeza. Mimi naitazama na kuona kama nimeazima ya mtu.

Lakini nina furaha, baba. Nina furaha mno.

Mwanao,
Maranda

*

Karakana
Tarehe 20 Februari

Binti yangu Maranda,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Mimi sijambo. Kifua ni kile kile, tumeshazoeana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea jirani yetu Mama Cherehani, maana aligoma kushona mpaka asikie. Nilipofika kwenye vigingi alipiga paja lake: "Nilijua! Mtu gani ananunua vigingi macho yakiwa dirishani?" Nami nilijua. Ndiyo maana nilimpa vilivyopinda.

Kitanda chenu nimekimaliza. Nitakipakia kwenye lori la yule anayeleta mbao, kikiwa vipande. Utakipanga mwenyewe. Hakuna msumari wala gundi, ni ulimi na tundu tu, na kabari za kukazia. Usimwachie mkwe apige nyundo, atapasua.

Kazi zipo kidogo. Zamani nilidhani karakana ina kelele kwa sababu ya misumeno. Kumbe ilikuwa wewe.

Ni mimi,
Baba yako

*

Ghorofa ya tatu
Tarehe 11 Machi

Baba yangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na kitanda kimefika! Unaendeleaje? Unakula vizuri, au bado unakula umesimama, sahani juu ya benchi la kazi?

Watu wa lori walipandisha ngazi wakihema. Nilipofungua gunia harufu ya mbao ikajaa chumba, nikamwambia mume wangu, "Toka kidogo, nataka kulia." Akasema, "Lia, mimi nitakaa hapa hapa niangalie." Ndivyo alivyo, baba.

Basi tukaanza kupanga. Tulisimamisha matendegu mawili ya mchagoni, ile miguu ya upande wa kichwa, tukachomeka mbao ya kichwani, tukachomeka mfumbati wa kushoto, ule ubao mrefu wa ubavuni. Mambo safi kabisa, kabari zikakaza kama mlango wa benki. Tukaenda upande wa kulia na mfumbati wake. Tundu halipo! Nikazunguka. Tundu lipo upande wa nje, linatazama dirisha.

Mume wangu akakuna kichwa. "Mpenzi, labda baba alikusudia mmoja wetu alale barabarani."

Nilicheka mpaka bibi wa chini akagonga fagio. Halafu nikapiga magoti, nikapapasa. Baba, matendegu yote mawili ya mchagoni ni ya kushoto!

Wewe! Wewe ambaye hujawahi kukata tundu kabla ya kuita! Nilikuwa na miaka sita, nimesimama juu ya kijukwaa changu kwa sababu sikulifikia benchi. Ulikuwa unaweka patasi juu ya mstari, unainua nyundo, unaita, "Upande?" Mimi nashika tendegu lililokwisha kukatwa, naligeuza, nakujibu, "Kulia, fundi!" Ndipo unapiga. Hata nilipokuwa kidato cha nne na mitihani imenikaba, uliniita kutoka kwenye vitabu nije niseme upande. Nilikuwa nakasirika. "Baba, si unaona mwenyewe?" Ukaniambia, "Macho ya mtu mmoja hayatoshi kwa vitu viwili vinavyofanana."

Sasa imekuwaje? Umezeeka, fundi? Nakutania tu. Tunalala godoro chini kama wapiga kambi na hatujali hata kidogo.

Mwanao mwenye furaha,
Maranda

*

Karakana
Tarehe 29 Machi

Binti yangu,

Natumai barua hii inawakuta wazima na mgongo hauwaumi kwa kulala chini.

Umeuliza imekuwaje. Nitakwambia, ila usimsomee mkwe.

Niliweka patasi juu ya mstari. Nikainua nyundo, nikaita, "Upande?" Mdomo ulijiitia wenyewe, kwa miaka yote ile. Hapo nikakumbuka kwamba ndicho kitanda cha harusi yako ninachokitengeneza, na wewe ndiye uliyeondoka. Nikasimama na nyundo yangu juu.

Mama Cherehani alikuwa kibarazani kwake. Akanionea huruma, au alitaka kunitania, sijui. Akaitikia kwa sauti ya kitoto, bila kuinua kichwa kwenye cherehani: "Kushoto, fundi!"

Nikapiga.

Ndiyo hivyo tu. Nilikuwa nimesikia jibu, sikuangalia tena. Nimemweleza. Anasema yeye ni fundi wa nguo, tena shati lina mikono miwili na hajawahi kukosea. Tangu siku hiyo haji kibarazani nikiwa nimeshika patasi.

Tendegu la kulia nimelitengeneza upya, linakuja na lori lile lile. Safari hii nililichora la kushoto sakafuni, nikalilaza hili kando yake, nikayatazama tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Zamani ilikuwa kazi ya kupepesa jicho.

Lile baya usilitupe. Ni mbao nzuri.

Baba yako

*

Karakana
Tarehe 12 Mei

Binti yangu,

Habari za huko? Sijapata barua, nadhani ipo njiani. Tendegu lilifika? Limekaza?

Mvua hazijaisha. Paa linavuja pale pale juu ya jiliwa la kubania mbao, nimeweka ndoo. Watu siku hizi wanataka madirisha ya alumini. Hata milango. Jirani muuza vioo amekuja mara tatu anataka hiki kibanda, apanue duka lake. Mara ya kwanza nilimfukuza kwa maneno. Mara ya pili nilimpa kiti. Mara ya tatu tulikunywa chai.

Siwezi kumlaumu. Yeye ana wanawe wawili wanaobeba vioo naye, mmoja mbele mmoja nyuma, wanaimbiana "taratibu, taratibu" mpaka mlangoni. Nawasikiliza.

Fremu ya mlango nimemaliza jana, imechukua wiki mbili. Zamani ilikuwa siku tatu zetu.

Nina swali moja. Benchi la kazi unalitaka? Lile lenye alama za urefu wako mguuni. Kama unalitaka, hata kama si leo, hata kama hujui utaliweka wapi, niambie kabla mwezi huu haujaisha na sitamjibu muuza vioo. Nitaendelea. Kama hulitaki si neno, nawe una maisha yako.

Msalimu mkwe. Mwambie ardhi haihami, apunguze mwendo.

Baba yako

*

Ghorofa ya tatu
Tarehe 24 Mei

Baba yangu mpenzi sana,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya tele! Nisamehe kwa kimya. Siku zimekimbia, nami nilikuwa naruka nazo tu.

Tendegu lilifika na limekaza! Kitanda kimesimama, hakilii hata kidogo. Mume wangu alikipanda akaruka mara moja, bibi akagonga fagio mara tatu.

Barua yako nimeipokea leo asubuhi, na leo leo mume wangu amerudi safari! Alikuwa huko kwenye viwanja vipya wiki tatu, baba, wiki tatu nzima, nami nilihesabu vigae vya bafuni mpaka nikavipa majina. Sasa amerudi mweusi kwa jua, amenipandia ngazi mbili mbili, ana bahasha ya karanga mkononi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nimemwambia, "Wewe nani? Nyumba hii ina mwenyewe." Akasema, "Nimekuja kupima mpaka." Akaanza kupima mlango kwa mikono yake, na kiti, na meza, halafu mimi! Baba nisamehe, wewe ni baba, lakini nitamwambia nani?

Ataondoka tena Jumatatu. Kwa hiyo naandika haraka haraka. Nimeshona mapazia ya njano. Tumepaka ukuta wa jikoni. Ameniahidi tutakwenda kupiga picha, nitakutumia. Pole na paa, waambie wakuzibie.

Anaita, chai imeiva. Nakupenda sana, na karakana yote, na kila kilichomo!

Mwanao,
Maranda

*

Nyumbani
Tarehe 5 Julai

Binti yangu,

Salamu. Nimefurahi kitanda kimekaza. Mimi ni mzima.

Nilisubiri mpaka mwisho wa mwezi, nikaongeza siku kumi kwa sababu ya posta. Barua yako niliipata ndani ya siku hizo. Niliisoma yote, na nyuma ya karatasi pia.

Muuza vioo amehamia. Benchi limechukuliwa na mtu mwenye bucha. Anasema ni zito, halitikisiki, atakatia nyama. Nilitaka kumwambia asiondoe zile alama mguuni, nikaona atanishangaa.

Randa na patasi nimezipaka mafuta, nimezifunga kwenye shuka. Siku hizi nakaa kibarazani na Mama Cherehani. Ananipa nyuzi nimshikie.

Usiwe na wasiwasi wowote. Msalimu mkwe.

Baba yako

*

Ghorofa ya tatu
Tarehe 17 Julai

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Niambie kweli.

Nimeitafuta barua yako ya Mei. Niliikuta nyuma ya pazia la njano, ina duara la kikombe cha chai. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini. "Niambie kabla mwezi huu haujaisha." Niliyasoma maneno haya siku ile, baba. Niliyasoma, nikasikia mlango unafunguliwa, nikakimbia.

Uliniita nami sikuitikia.

Nalitaka. Nalitaka benchi, hata tungelala juu yake. Nenda kwa mwenye bucha umwambie binti yako amechelewa kujibu. Nakuomba baba.

Maranda

*

Ghorofa ya tatu
Tarehe 10 Agosti

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa Mama Cherehani. Sijapata jibu. Natumai ni posta.

Mume wangu alikuwa hapa siku nne, akaondoka. Ni mwema kama zamani, bado anaacha vikaratasi kwenye sukari. Siku hizi navisoma kimoja kimoja kwa siku ili visiishe.

Umenikasirikia? Andika hata mstari mmoja. Andika upumbavu wowote. Andika kwamba mvua imenyesha.

Mwanao

*

Ghorofa ya tatu
Tarehe 1 Septemba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu za watu wawili, na mmoja wao hujamjua. Nina mimba ya miezi mitano! Mume wangu nilimwambia kwa kikaratasi ndani ya kopo la sukari. Alikunywa chai bila sukari siku mbili, hakukiona, ikabidi nimwambie, "Mpenzi, weka sukari!" Alipokiona alikaa jikoni akalia, mtu mzima yule, na fagio likagonga, naye akaijibu sakafu, "Bibi, nitakuwa baba!" Kesho yake bibi alipandisha ngazi mwenyewe, na fagio lake, akasema amelileta lipumzike.

Kwa hiyo natengeneza kitanda cha mtoto.

Unakumbuka ulisema lile tendegu baya nisilitupe? Nililiweka nyuma ya mlango. Ni mbao ile ile, nzito, nzuri. Nimelipasua kwa msumeno na zana nilizoazima kwa mlinzi wa jengo, nimepata matendegu madogo manne. Nafanya kazi juu ya meza ya kulia chakula, nimetandika blanketi. Maranda yamejaa mpaka kwenye mapazia. Nimeokota moja nikaliweka nyweleni, kama siku uliponipa jina hili, nikajitazama kwenye kioo.

Mikono imeanza kurudi.

Mume wangu yuko viwanjani mpaka mwisho wa mwezi. Jana niliweka patasi juu ya mstari, nikainua nyundo, nikaita. Niliita kwa sauti. Ukuta wa jirani uko pale pale dirishani. Nikaiweka nyundo chini.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kufungia, nimeikunja mara nne. Nimelaza matendegu mawili ya mchagoni juu yake nikayachora kwa penseli kama yalivyo, na mistari ya matundu yote. La kwanza nimeshalikata. La pili bado.

Sitakata mpaka nisikie. Mtoto ana miezi minne ya kusubiri, nami nitasubiri naye.

Upande, fundi?

Mwanao,
Maranda

*

Nyumbani
Tarehe 19 Septemba

Binti yangu Maranda,

Salamu kwako, kwa mkwe, na kwa huyo mgeni. Mimi ni mzima, na safari hii ni kweli.

Kwanza jibu. Usikate. Umechora matendegu mawili ya kushoto.

Nililaza karatasi yako juu ya meza ya kukatia nguo ya Mama Cherehani, nikaweka mkasi kila pembe. Nikafuata mistari kwa kidole. Nikadhani ni macho yangu. Nikamwita. Aliitazama kwa muda, akasema, "Mimi sisemi chochote. Mara ya mwisho nilisema." Halafu akasema, "Lakini mzee, hii mikono yote ni ya upande mmoja."

Kama umefanya makusudi ili niandike, umenipata. Kama si makusudi, basi uko peke yako zaidi ya unavyoniandikia, na mimi nilikuwa nasoma mapazia na karanga nikaamini. Tusidanganyane tena, mimi na wewe. Mimi niliandika usiwe na wasiwasi. Huo ulikuwa uongo. Nilikaa na barua zako za Julai na Agosti nikashindwa kujibu, kwa sababu kwa mwenye bucha nilikwenda. Ameshalipiga randa benchi lote ili aoshe damu vizuri. Alama hazipo. Sikujua nitakuandikiaje.

Lakini alama nazikumbuka. Miaka sita, chini ya droo. Miaka tisa, kwenye kifundo cheusi. Kumi na mbili, ulidanganya ukasimama kwa vidole, nikaiandika hivyo hivyo.

Kijukwaa chako sikukiuza. Hakuna aliyekiuliza, kila mtu alidhani ni sanduku la misumari. Ninakalia hicho nikikuandikia. Kimenibana.

Geuza tendegu la pili. Matundu ya mbao ya kichwani yatazamane, na ya mifumbati yote yatazame miguuni. Chora upya, unitumie. Usikate kabla sijajibu, hata kama una uhakika, hata kama mkwe amerudi na chai imeiva. Posta ni siku kumi kwenda, siku kumi kurudi. Sina kazi nyingine.

Nasubiri uniite.

Fundi wako,
Baba